Mwaminifu wa Kitambaa: Uchambuzi wa Kisa cha Fundi Cherehani wa Ngamiani

Usiku wa kuamkia Idi el Fitri ya mwaka 2024, muda mfupi baada ya swala ya Isha, mama mmoja alifika na binti zake wawili kwenye baraza ya fundi cherehani, katika mojawapo ya zile barabara zenye namba za Ngamiani, mjini Tanga. Alikuja kuchukua magauni mawili ambayo aliahidiwa Alhamisi, kisha Jumatatu iliyofuata, kisha "kesho asubuhi, inshallah", kisha usiku ule. Magauni yalikuwa yamekatwa lakini hayajashonwa. Kifua kilikuwa upande huu, marinda upande ule, na zipu mbili mpya zilikuwa juu ya meza, bado zimo katika karatasi zake. Fundi alianza kueleza habari za umeme. Yule mama hakugomba. Aliomba apewe vipande vyake, akavikunja kimoja kimoja akavitia mfukoni, akasema, "Haya baba, Idi njema," akawashika watoto mikono akaondoka. Asubuhi yake fundi, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amesali Idi katika msikiti wa mtaani kwake, alipanda baiskeli akaenda kusali Chumbageni, kwa sababu mume wa yule mama husali safu ya mbele katika msikiti wa mtaani, na yeye hakuwa na uso wa kumpa mkono.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na jioni nyingi, baina ya Alasiri na Magharibi, huketi kwenye baraza hiyo hiyo. Fundi ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala namba ya barabara, na sharti hilo nimelishika. Nimeona kisa chake kinastahili kuandikwa kwa urefu kwa sababu wengi wetu tunaishi na mwanya wa namna hii, baina ya mtu tunayetaka kuwa na mtu anayeonekana na majirani siku ya Jumatano saa nne asubuhi, na kwa sababu mashauri tunayopeana juu yake, yakiwemo niliyompa mimi mwenyewe hapo mwanzo, mara nyingi hayagusi mahali unapoanzia.

Yafaa kwanza msomaji amjue mtu mwenyewe. Fundi amevuka miaka 50. Alijifunza kushona kwa baba yake mdogo, akaanza na kanzu na kaptula za shule, na sasa hushona zaidi magauni, sare za harusi na sare za wanafunzi. Ana cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, ana ovaloki moja, mashine ya kukunga kingo za kitambaa, na kijana mmoja anayejifunza kazi. Mtaani anasifiwa kwa jambo moja ambalo wanaoijua kazi ya ushonaji watauelewa uzito wake, nalo ni kwamba hukurudishia mabaki. Ukimpelekea mita nne na gauni likala tatu na nusu, ile nusu utaikuta imekunjwa ndani ya mfuko pamoja na nguo, hata ikiwa ni kitambaa ambacho kingemtosha kumshonea mwanawe. Hakuna mteja anayemshuku kwa kitambaa, kwa fedha wala kwa siri ya vipimo vya watu. Lakini wateja hao hao, akiwatajia siku, huitikia tu kwa adabu kisha moyoni huongeza wiki moja. Bibi mmoja wa mtaani alinieleza hali hiyo kwa maneno machache: fundi huyu ni mwaminifu wa kitambaa, siku hana.

Mwenyewe alikuwa akilijua hilo, na lilimuuma. Kijana wake wa kazi ameniambia kwamba methali aliyoisikia mara nyingi tangu aanze kufundishwa ni ile isemayo ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo, na kwamba fundi huisema akiwa ameinama juu ya kitambaa, kana kwamba anajiambia mwenyewe. Siku ya tatu ya Idi alinijia nyumbani, akakataa chai, akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Niambie kweli, mimi ni mnafiki?" Swali hilo lilitoka katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayotaja alama tatu za mnafiki: akizungumza husema uongo, akiahidi huvunja ahadi, na akiaminiwa hufanya hiana. Fundi alikuwa ameisikia tena katika darasa za Alasiri za mwezi ule wa Ramadhani. Alama ya tatu alijua haimhusu, na nadhani ndiyo maana ile ya pili ilimchoma zaidi.

Nilimjibu kama tunavyojibu walimu wengi. Nilimwambia si mnafiki, ila nia yake imelegea. Aikaze, ajiwekee adhabu, na kila anapovunja ahadi afunge siku moja ya sunna ili nafsi ijue kwamba neno lina bei. Alikubali kwa unyenyekevu ambao sasa nikiukumbuka nasikitika. Baada ya wiki tatu alikuwa amefunga siku mbili na anadaiwa saumu saba nyingine, nguo zilikuwa zimerundikana vilevile, na juu ya madeni ya watu nilikuwa nimemwongezea deni jipya kwa Mola wake. Mtu aliyekuja kwangu akiwa na aibu moja aliondoka na mbili. Kosa hilo ni langu, na nimeliweka hapa mapema kwa sababu kila kilichofuata kilitokana na kulikiri.

Ndipo nilipoacha kushauri nikaanza kutazama. Kwa jioni kadhaa nilikaa kwenye baraza bila kusema neno juu ya ahadi, nikawa naangalia jambo moja tu, yaani kinachotokea pale mteja anapouliza, "Basi nije lini?" Mambo matatu yalijitokeza. La kwanza ni kwamba jibu lilitoka upesi mno, mara nyingine kabla mteja hajamaliza kuuliza. La pili, wakati wa kujibu fundi alikuwa akiutazama uso wa mteja, kamwe hakutazama rundo la vitambaa lililokuwa nyuma yake. La tatu, siku aliyoitaja mara nyingi ilikuwa ile ile ambayo mteja mwenyewe alikwisha kuidokeza, na kwa kuwa watu wanataka nguo kwa ajili ya Ijumaa au kwa harusi za mwisho wa wiki, siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikaomba kuliona daftari lake. Lilikuwa na vipimo vyote, kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono na urefu, na kwa kila mteja fedha aliyotanguliza na fedha iliyobaki. Siku ya kuchukua nguo haikuandikwa popote. Ahadi zake zote zilikaa mdomoni. Tulipojaribu kuzikusanya kwa kukumbuka na kwa kuwauliza wateja waliopita, tulikuta vipande kumi na kimoja vimeahidiwa Alhamisi moja, naye na kijana wake wakijitahidi sana hawawezi kutoa zaidi ya vitatu vya maana kwa siku.

Nilimuuliza kwa nini alimtajia Alhamisi mama wa mwisho, ilhali alikuwa na watu kumi mbele yake. Alinijibu, "Mwalimu, mtu amekuja na furaha yake, amebeba kitambaa cha harusi ya mwanawe. Nitamwambiaje siwezi? Si nitamvunja moyo?" Hapo ndipo kisa kiliponigeukia. Nilikuwa nikitafuta udhaifu, tamaa au uvivu, ambavyo ndivyo tunavyozoea kuvitafuta mtu anapotenda kinyume cha anachokiamini, kumbe aliyekuwa akiushinda ukweli wake alikuwa ni wema wake mwingine. Sisi wa mwambao tumelelewa kuona kwamba kumkatalia mtu usoni ni ukavu, na kwamba mgeni haondoki barazani na neno kali. Fundi ameishika tabia hiyo kwa dhati. Upole na ukweli vikakutana mdomoni mwake mara nyingi kwa siku, na kila vilipokutana upole ulishinda, kwa sababu mteja yupo mbele yake anamtazama kwa matumaini, na Alhamisi haina uso. Mtu wa namna hiyo ukimwambia akaze nia, ataikaza nia ya kuwa mwema, na kwake kuwa mwema ni kutokusema hapana.

Neno inshallah nalo linahitaji kutazamwa, kwa kuwa lilikuwa likikaa mwishoni mwa kila ahadi. Asili yake katika mafundisho ni Suratul Kahf, aya ya 23 na ya 24, ambapo mja anakatazwa kusema kwamba atalifanya jambo kesho bila kuongeza kwamba Mwenyezi Mungu akipenda. Aya hizo zinamtaka anayeahidi akumbuke kwamba kesho haimo mikononi mwake, na mwenye kukumbuka hivyo hupunguza maneno. Kwa fundi, na kwa wengi wetu, neno hilo lilikuwa limehamia kazi nyingine, likawa mlango wa nyuma ulioachwa wazi tangu ahadi inapotolewa. Tulipolizungumza alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba kuna ahadi ambazo akizitoa bila inshallah mkono hutetemeka, na akizitoa kwa inshallah hasikii kitu.

Wema wa dakika mbili una gharama, na gharama hiyo humwangukia yule yule aliyetendewa. Mteja mmoja anayeishi Pongwe alikuja mjini mara tano kwa gauni moja. Tulipopiga hesabu ya nauli za daladala za kwenda na kurudi, zilikuwa zinakaribia ujira wa mshono, mbali na siku tano za kazi alizozikata. Hakuna hata mara moja katika hizo tano ambapo fundi alimwambia neno lisilokuwa laini. Nilimwekea hesabu hiyo mezani kwa maandishi, nami nadhani karatasi ile ilifanya kazi kuliko saumu zote nilizomtwika, kwa sababu ilimwonyesha kwamba moyo aliokuwa akiogopa kuuvunja aliuvunja mara tano badala ya moja.

Kuhusu swali lake la unafiki, nilimpa jibu jingine safari hii, nalo lilitokana na jaribio lililofanywa Marekani na wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson, likachapishwa mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, vijana wanaojiandaa kuhubiri dini, wakawatuma mmoja mmoja kwenda jengo la pili kutoa hotuba, na baadhi yao mada yao ilikuwa kisa cha Msamaria Mwema kilichomo katika Injili, yule mpita njia aliyesimama kumsaidia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Njiani palikuwa na mtu amejikunyata, anakohoa na kuugua. Waliokuwa wameambiwa kwamba wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama wakamsaidia. Walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10 tu. Kwamba mtu alikuwa akienda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti iliyo wazi. Sikumsomea haya fundi ili ajisamehe, na wala hakujisamehe. Nilitaka aone kwamba vijana wale hawakuwa wanafiki walioficha ukatili. Walikuwa watu wenye imani ya kweli waliokutana na tendo lao katika dakika mbaya. Na yeye dakika yake mbaya tulikwisha kuijua, ni ile ya "nije lini".

Sasa nifike kwenye fedha, ambako mashauri ya nia na moyo hayapendi kufika. Mteja anapoleta kitambaa huacha advansi. Advansi hiyo kwa desturi ni ya kununulia bitana, zipu, gamu na uzi wa nguo yake. Kwa fundi mwenye mtaji mdogo mambo hayaendi hivyo: advansi ya leo hununua vifaa vya nguo ya juzi, hulipia umeme wa LUKU, na hupeleka unga nyumbani. Maana yake ni kwamba kukataa kazi ni kukataa chakula cha usiku huo, na pia ni kukosa zipu ya nguo iliyokwisha kuchelewa. Kwa hiyo kila ahadi mpya ilikuwa inalipa deni la ahadi ya zamani, na mnyororo huo haukatiki kwa mtu kutubu. Zile zipu mbili za usiku wa Idi zilinunuliwa jioni ile ile, kwa advansi ya mteja mwingine aliyekuwa ameahidiwa nguo baada ya Idi. Nimewasikia watu wengi wakiwasema mafundi kwa ukali, nami nimewahi kuwasema. Tangu nilione daftari hili nimekuwa mwangalifu zaidi na ulimi wangu.

Tulichokifanya ni kidogo na hakikutosha, lakini kilisaidia. Kila advansi ilitiwa katika bahasha yake na bahasha ikabanwa kwa pini kwenye kitambaa cha mwenyewe, isifunguliwe mpaka siku ya kununua vifaa vya nguo hiyo. Wateja walioweza waliombwa walete zipu na bitana wenyewe. Mwezi wa kwanza bahasha tatu zilifunguliwa kabla ya wakati, zote katika wiki moja ambayo mtoto wake aliugua. Hakuzificha. Aliandika juu ya kila bahasha kiasi alichotoa, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni kwake.

Jambo jingine lilikuwa muda. Ukimuuliza gauni lenye bitana huchukua muda gani, alijibu nusu siku, na alijibu kwa uhakika wa mtu aliyeshona mamia. Nikaomba tupime. Kuanzia chaki ilipogusa kitambaa mpaka pasi ya mwisho, gauni la kwanza lilichukua siku moja na nusu, la pili siku nzima, la tatu karibu siku mbili. Ndani ya muda huo mlikuwa na swala, na jirani aliyeleta suruali ya kupunguzwa "dakika moja tu", na umeme uliokatika, na uzi wa rangi ile uliokwisha, na salamu za wapita njia ambazo Tanga huwezi kuzikatisha. Nusu siku aliyoitaja ilikuwepo kweli, ila ni ile siku moja njema anayoikumbuka, ambayo hakuna aliyepita wala kilichokatika. Kosa hili limechunguzwa sana. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979, na mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha matokeo ya wanafunzi walioulizwa wangemaliza lini tasnifu zao: kwa wastani walikadiria siku 33.9, wakamaliza kwa siku 55.5, na hata walipoombwa wakadirie endapo kila kitu kingekwenda vibaya, walitaja wastani wa siku 48.6. Dawa inayotokana na uchunguzi huo ni kuacha kuuliza kazi hii itachukua muda gani na kuuliza kazi kama hizi zilichukua muda gani. Fundi hakuwa na pa kuuliza, kwa kuwa hakuwahi kuandika. Sasa nyuma ya daftari kuna ukurasa wa muda, na gauni lenye bitana limeandikwa siku moja na nusu.

Kisha tukaifikia ile dakika yenyewe. Mtafiti wa Kijerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba azimio la jumla, mfano "nitakuwa mkweli", lina nguvu ndogo kuliko azimio lililofungwa kwenye tukio maalumu: ikitokea hivi, nitafanya vile. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya azimio la namna hiyo wakakuta lina athari ya wastani hadi kubwa. Nguvu yake ni kwamba uamuzi unakuwa umekwisha kufanywa mapema, wakati mtu ametulia, kisha tukio lenyewe linauita bila mjadala mpya. Tulitengeneza sentensi moja tu. Fundi aliitamka mwenyewe, nami nikaiandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia: "Mtu akiniuliza lini, nitashika kalenda kabla sijafungua mdomo." Ukutani tukatundika kalenda kubwa yenye vyumba vipana, kila siku ikapewa kazi zake kufuatana na ukurasa wa muda, na chumba kikijaa kimejaa. Kijana wa kazi alipewa idhini ya kusema, "Mwalimu wangu, imejaa," hata mbele ya mteja, jambo ambalo lilimpa shida kwa wiki kadhaa kwa sababu ya heshima yake kwa fundi.

Kushika kalenda kulisaidia zaidi ya nilivyotarajia, na nadhani sababu ni ya kimwili kabisa. Ili aishike ilimbidi ageuke, na akigeuka alikuwa ameacha kuutazama uso wa mteja na ameelekea kwenye rundo la vitambaa.

Lakini kalenda haikumwondolea haja ya kusema neno gumu, na neno hilo lilitusumbua kwa majuma. "Siwezi" lilimshinda, lilitoka likiwa na kigugumizi na mara likageuka kuwa "tutajaribu". Tulijaribu maneno mengi, mengine yakawa marefu mpaka mteja akadhani ameruhusiwa. Hatimaye aliyapata mwenyewe siku alipomjibu mama mmoja wa Makorora aliyetaka nguo Ijumaa: "Mama yangu, nikikwambia Ijumaa nitakuwa nakudanganya, na wewe sitaki kukudanganya. Nafasi yangu ya kweli ni Jumanne ya wiki ya pili. Ukiwa na haraka, kuna mwenzangu barabara inayofuata, mkono wake mzuri." Katika jibu hilo upole haukufukuzwa, uliombwa uutumikie ukweli. Nililisikia nikiwa nimeketi pale pale, na nakiri kwamba nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa matokeo mengi ya mitihani. Yule mama alikwenda kwa mwenzake. Fundi alikaa kimya mpaka Magharibi.

Usiku, kabla ya kufunga, fundi na kijana wake hufungua daftari kwa muda mfupi. Desturi hii hatukuitoa mbali. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye mafundisho yake yanasomwa katika madrasa zetu, ameieleza nafsi kama mshirika wa biashara: asubuhi huwekeana naye masharti, mchana humwangalia, na jioni humfanyia hesabu. Fundi alilipenda neno muhasaba, yaani hesabu hiyo ya nafsi, tangu utotoni, ila muhasaba wake ulikuwa wa kujilaumu gizani. Sasa una kalamu. Kilichotoka kwa siku yake hukatwa kwa mstari, kisichotoka huandikwa sababu kwa maneno machache, kama vile "jirani, suruali", "umeme", "nilisema bila kushika kalenda". Sababu ya mwisho ndiyo tuliyokuwa tukiihesabu, na ilipungua pole pole sana.

Haikupungua kwa mstari ulionyooka. Miezi miwili ya kwanza kipato kilishuka, kwa sababu waliokwenda kwa mwenzake wengine hawakurudi, na mkewe aliniuliza kwa heshima zote kama shauri langu limefikiria habari za pango. Sikuwa na jibu zuri. Januari, mwaka wa masomo ulipofunguliwa na sare zikaja kwa wingi, alirudi kule kule kwa siku kumi hivi; kalenda ilikuwa imetundikwa ukutani na yeye akawa anaahidi huku ameipa mgongo. Zaidi ya hayo kulikuwa na ndugu. Shangazi yake alikuja kutoka Muheza na vitambaa vya wajukuu wanne akitaka nguo baada ya siku mbili, na fundi akaniambia waziwazi kwamba kalenda ni ya wateja, shangazi hawekwi kwenye kalenda. Nilitaka kubishana, kisha nikaona kwamba ana haki. Ndugu na misiba ni sehemu ya maisha yake, na mpango unaojifanya hauvioni utavunjwa navyo. Tangu hapo kila wiki huachwa siku moja tupu kwa ajili ya mambo hayo, na wiki ambayo hakuna shangazi wala msiba, siku hiyo humalizia viporo.

Hali ilivyo sasa, nguo nyingi hutoka siku iliyoandikwa, si zote. Wateja kadhaa wa zamani wameacha kuongeza wiki moja moyoni. Najua kwa sababu wamefika siku yenyewe, jambo ambalo mwanzoni lilimshitua fundi, kwani hata nguo ikiwa tayari alikuwa hajazoea kumwona mtu. Kipato kimerudi karibu na kilipokuwa. Kuna jambo moja bado limemshinda: nguo inapoelekea kuchelewa, hawezi kumpigia simu mteja siku moja kabla kumjulisha. Anayepiga simu ni kijana wake, na fundi mwenyewe hujifanya ana shughuli kwenye ovaloki. Tumelizungumza mara nyingi, na sijui kama litakwisha.

Kwa yule mama wa usiku wa Idi alikwenda mwenyewe, kabla Mfunguo Mosi haujaisha, akampelekea advansi yake yote, kwa kuwa ilikuwa imeliwa na nguo za watu wengine. Alipokewa vizuri, akawekewa chai na mkate wa mchele, akaulizwa hali ya mkewe na watoto. Mumewe alimpa mkono. Kitambaa hawajamletea tena, naye ameniambia hilo halioni kama kisasi.

Nilipomsomea maandishi haya aliomba niongeze jambo moja. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na vitambaa vitano ambavyo wenyewe walichoka kufuata wakaacha kuja, kimoja kina zaidi ya miaka mitatu. Vipimo vyao vimo katika madaftari ya zamani, lakini namba za simu nyingi hazipatikani. Ameshavishona vyote kwa vipimo vile vile, akijua kwamba miili imebadilika, na upindo ameuacha mpana ili uweze kufumuliwa. Ijumaa baada ya swala hupanda baiskeli akaenda kuwauliza watu waliokuwa wakiishi mitaa ile. Wawili amewapata, mmoja Mabawa na mmoja Sahare. Vimebaki vitatu.